Chekhov bila samovari: namna ya kumwigiza Nairobi

Ukiamua kumwigiza Chekhov, mwandishi wa tamthilia wa Urusi, hapa Nairobi, kazi ya kwanza ni kuamua utamsoma kwa Kiingereza cha nani. Ukumbi utapatikana baadaye. Wengi wetu hatujui Kirusi, na hilo lisikutie hofu. Brian Friel, mwandishi wa tamthilia wa Ireland, naye hakukijua. Aliandika toleo lake la Three Sisters ya Chekhov, mwaka 1981, kwa kulinganisha tafsiri za Kiingereza zilizokuwepo, kwa sababu alichoka kuwaona waigizaji wa Ireland wakijitia Uingereza kila wanapopewa mchezo wa Kirusi. Sisi ugonjwa huo tunao pia.

Mimi huweka tafsiri tatu mezani. Ya kwanza ni ya Constance Garnett: Kiingereza cha kizamani, lakini hakina mbwembwe na hulipii kitu. Garnett alifariki 1946, na sheria ya Kenya hulinda maandishi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Ya pili ni ya Michael Frayn, anayekijua Kirusi na kuandika vichekesho vyake mwenyewe. Kwake utaona mzaha uko wapi. Ya tatu iwe ya mtu aliyehama na mchezo mzimamzima. Inua Ellams aliwapeleka wale dada watatu Owerri, Nigeria, wakati wa vita vya Biafra, mchezo ulioonyeshwa National Theatre, London, 2019. Janet Suzman aliihamishia The Cherry Orchard, mchezo wa Chekhov kuhusu shamba la miti ya cheri, Afrika Kusini, baada ya uchaguzi wa 1994. Hao wawili wasome uone wamebadilisha nini na wamekataa kubadilisha nini, kisha wafunge, uandike yako. Ukishindwa kujizuia na kutaka kuigiza maandishi yao yenyewe, omba kibali na ulipie kabla hujachapisha bango.

Sasa tafuta kinachousukuma mchezo. Katika The Cherry Orchard ni deni, mnada, na mtu mmoja mwenye pesa, Lopakhin, ambaye baba na babu yake walikuwa mali ya wenye shamba hilo. Urusi ilifuta utaratibu huo 1861. Anawashauri waligawe shamba, wakodishe viwanja vya nyumba za mapumziko. Hawasikii, basi analinunua yeye. Nani Nairobi anahitaji kuelezwa hayo? Panda matatu ya Kiambu uhesabu mabango ya ploti kwenye mashamba yaliyokuwa kahawa. Hata maua unayo, badala ya yale ya cheri: kahawa huchanua meupe pe baada ya mvua, kwa hiyo tendo la kwanza liweke mwanzo wa masika, mnada uwe Juni, na la mwisho Julai, baridi inapouma. Lopakhin wako awe mtoto wa mchuma kahawa.

Majina usiyatafsiri tu, yatumie. Mama mwenye shamba alifiwa na mwanawe mdogo aliyezama mtoni. Kwetu mama huitwa kwa mtoto, basi kila mtu amwite Mama Njeri, kwa bintiye aliye hai. Halafu aingie yule mwalimu aliyekuwa akimfundisha marehemu, na kwa mazoea amwite Mama Kamau. Huna haja ya kuongeza neno. Mwigizaji akilia hapo, hadhira inajua analia nini.

Mahali pa kukaa muda mrefu ni tendo la nne, Lopakhin na Varya, binti wa kulea wa mwenye shamba, wanapoachwa peke yao. Nyumba nzima inangoja Lopakhin amchumbie. Anachoweza ni kuzungumzia baridi. Varya anapekua mizigo akitafuta kitu asichokikumbuka, kisha anamjibu kwamba kipimajoto chao kimevunjika. Kwetu inakuwa hivi:

— Redio ilisema nyuzi kumi leo.
— Sikusikia. Redio yetu imeharibika.

Kimya. Nje utingo anaita, "Bosi, lori limefika!" na Lopakhin anatoka mbio kama aliyeokolewa. Vijana wangu tukiwa mazoezini Kaloleni walitaka Varya aseme kitu: "Kwani hunioni?" Kila kundi litakuomba jambo hilo. Kataa. Wape kazi ya mikono: begi lenye zipu mbovu, vikombe vya kufunga kwa gazeti. Mikono ikiwa na shughuli, mdomo hautatamani hotuba.

Hilo ni gumu hasa kwa waigizaji waliokulia kwenye maonyesho ya setibuku, ya kuzungushwa shuleni, ambako usipopaza sauti wanafunzi mia tano wanakuzomea. Wanajua kusimama mbele na kuitupa sauti hadi ukuta wa nyuma. Mazoezi ya kwanza wafanyie wameketi, wakinywa chai ya thermosi, wakisema mistari kana kwamba kuna mgonjwa chumba cha pili. Samovari, lile birika kubwa la chai la Kirusi, achana nayo, thermosi inatosha kabisa.

Halafu waruhusu wachekeshe. Chekhov mwenyewe aliiita The Cherry Orchard komedi, na alilalamika mwongozaji Stanislavski alipoifanya msiba mwaka 1904. Kaka wa mwenye shamba anayelihutubia kabati la vitabu ni mjomba yule yule wa kila harusi anayekataa kurudisha maikrofoni.

Ukichagua Three Sisters, suala ni moja: Moscow wanayoota kurudi dada hao ni wapi? Usiseme London. Wale ni mabinti wa afisa wa jeshi aliyehamishwa kikazi akafia huko mbali. Waweke Isiolo, kambi ikiwa jirani, na waote kurudi Buruburu.

Mwisho wa The Cherry Orchard kuna sauti ya shoka likikata miti. Utashawishika kuweka tingatinga. Linameza maneno ya mzee aliyesahaulika ndani ya nyumba, kwa hiyo baki na shoka. Wiki ya mwisho kaa kiti cha nyuma kabisa. Usipomsikia Varya, msogeze mbele hatua mbili. Usimwambie apaze sauti.