Programu ya mauzo ikipoteza kitufe baada ya sasisho

Mwenye duka la mafuta ya alizeti pale Majengo, Dodoma, anafungua simu asubuhi, kitufe cha kutoa ripoti ya mauzo hakipo. Inauma, maana hesabu za wateja wa mkopo zimo humo.

Unaweza kurudi kwenye toleo la zamani la programu, lakini usiifute kwa hasira. Kwanza hamisha kumbukumbu: toa faili la akiba, yaani nakala ya data zako, lihifadhi nje ya programu, kwenye kompyuta au memori kadi, kisha lifungue uhakikishe linasomeka. Android haikubali toleo la zamani lipande juu ya jipya. Lazima ufute kwanza, na ukifuta, data za ndani huondoka nayo. Hapo ndipo wengi hulia. Tena, akiba ya toleo jipya huenda isisomeke kwenye la zamani, hivyo jaribu kwanza kwenye simu nyingine.

Programu iliyokuja na simu ni rahisi zaidi: Mipangilio, Programu, chagua programu hiyo, nukta tatu, ondoa masasisho.

Ukisharudi nyuma, fungua ukurasa wa programu hiyo Play Store, gusa nukta tatu, zima sasisho la kiotomatiki. Za benki na pesa za simu ziache zisasishwe. Usalama wake hauna mbadala.