Mfumo wa pili kwenye Steam Deck bila kugusa SteamOS

Ukitaka kujaribu Bazzite, Fedora au Linux nyingine kwenye Steam Deck (kifaa cha michezo cha mkononi cha Valve, ambacho mfumo wake ni SteamOS), isakinishe kwenye kadi ya microSD, diski ya ndani uiache ilivyo. Deck ina tundu moja tu la USB-C, kwa hiyo tafuta habu itakayobeba flashi ya usakinishaji, kibodi na chaja kwa pamoja.

Zima kifaa, shikilia kitufe cha kupunguza sauti, bonyeza cha kuwasha, kisha achia ukisikia mlio. Kwenye menyu itakayotokea, chagua flashi.

Hatari iko kwenye kuchagua diski. SSD ya ndani huitwa nvme0n1 na kadi huanza na mmcblk, lakini Deck ya GB 64 hutumia eMMC (aina nyingine ya hifadhi ya ndani), nayo pia huanza na mmcblk! Endesha lsblk, amri inayoorodhesha diski, uhakikishe kwa ukubwa.

Gawa kadi mwenyewe: tenga MB 512 za FAT32 kwa ajili ya EFI (sehemu ya faili za kuwashia mfumo) hapo hapo kwenye kadi. Usipofanya hivyo, kisakinishi kinaweza kuweka faili za kuwashia kwenye EFI ya SteamOS, na ukichomoa kadi unabaki na ingizo kwenye menyu ya kuwashia lisilowasha chochote.

Kadi ni ya polepole kuliko SSD. Michezo mizito itachelewa kufunguka.