Taarab, video za harusi na picha zako za kwenye kompyuta, zifungue kwenye simu za nyumba nzima bila ya bando

Nyumba nyingi hapa Unguja na Pemba utakuta kuna laptop moja ndo imebeba kila kitu, harusi zilizokopiwa kwenye DVD, taarab, kasida, picha za Idi, maulidi ya mtaani, na mtu akitaka kuangalia mpaka itafutwe flashi au arushiwe kwa WhatsApp, video inafika imefifia na bando limeliwa. Jamani haina haja. Kama nyumba ina ruta ya waifai basi kazi imeshakwisha nusu, kwa sababu video inatoka kwenye kompyuta inapita kwenye ruta inaingia kwenye simu, haitoki nnje ya nyumba kabisa, kwa hiyo hata bando likiwa limekwisha we unaendelea kuangalia tu. Na kama ruta huna, washa hotspoti kwenye simu ya Android, zima data, halafu laptop na simu nyengine zote ziunge hapo hapo, inafanya kazi vilevile.

Programu ninayoitumia mie ni Jellyfin. Ni ya bure moja kwa moja, haina matangazo wala haitaki ujisajili kwa mtu, akaunti unaifungua kwenye kompyuta yako mwenyewe na inabaki hapo. Ilianza mwisho wa 2018 baada ya wenye Emby, programu nyengine ya kazi hii hii, kuufunga msimbo (code) wa programu yao usiwe wazi tena, watu wakachukua ule uliokuwa wazi wakaendelea nao. Plex, nayo ya kazi hiyo hiyo, ipo na ni nzuri lakini inataka akaunti ya mtandaoni na baadhi ya vitu vyake vya kulipia, kwa nyumba zetu ambazo leo intaneti ipo kesho haipo mie nashauri Jellyfin.

Haya, shusha seva yake, yaani ile sehemu inayokaa kwenye kompyuta na kuzigawia simu video, kutoka jellyfin.org uiweke kwenye kompyuta, bando utalihitaji kwenye kushusha programu na apu tu. Ikimaliza fungua browza ya kompyuta hiyo hiyo uandike localhost:8096, itakuuliza jina na paswedi, halafu itakwambia uongeze maktaba, yaani uioneshe folda zako zilipo. Hapa ndo pa kutuliza akili. Harusi na maulidi usiziweke kwenye Movies, maana itakwenda kuzitafutia jina na bango mtandaoni, utashtukia harusi ya dada yako imebandikwa picha ya filamu ya Marekani. Chagua Home Videos and Photos. Taarab na kasida ziweke kwenye Music.

Windows ikiuliza kuhusu fayawoli, yaani mlinzi wake wa mtandao, ruhusu kwa mtandao wa Private, na hakikisha waifai yako ya nyumbani nayo imewekwa Private isiwe Public, wengi wanakwama hapa, kompyuta inaona kila kitu lakini simu hazioni kitu. Kisha fungua Command Prompt andika ipconfig, angalia mstari wa IPv4, utaona namba ya kompyuta yako kwenye mtandao wa nyumba, kama 192.168.1.20. Kwenye simu weka apu ya Jellyfin, ipo Play Store na App Store, uipe http://192.168.1.20:8096 (weka namba yako wewe) uingie kwa lile jina na paswedi, basi. Namba hiyo inaweza ikabadilika ruta ikizimwa na kuwashwa, na umeme wetu mnaujua, kwa hiyo ingia kwenye ruta uifungie kompyuta namba moja ya kudumu. Pia iambie Windows isilale, na ukifunika laptop isizime.

Sasa DVD za harusi. Ukizikopi zilivyo unapata folda ya VIDEO_TS yenye mafaili ya VOB, na simu nyingi haziyapendi, inabidi kompyuta iyageuze hapo hapo wakati mtu anaangalia, kama ni ya zamani inachemka na video inakatakata. Bora uzigeuze mara moja kwa HandBrake, nayo ni ya bure: ifungulie ile VIDEO_TS, chagua Fast 576p25 maana DVD zetu nyingi ni za mfumo wa video wa PAL, itoe MP4, iache usiku kucha. Baada ya hapo simu inacheza faili lilivyo na kompyuta haihangaiki, hata watu watatu wanne wakiangalia kwa pamoja.

Kaseti za taarab za bibi nazo zinaingia. Waya kutoka tundu la hedifoni la redio mpaka kwenye tundu la maiki la kompyuta, rekodi kwa programu ya Audacity, sauti isiguse nyekundu, kata nyimbo moja moja utoe MP3. Halafu andika tagi, yaani jina la mwimbaji na la wimbo ndani ya faili lenyewe, kwa programu ya Mp3tag, kwa sababu Jellyfin kwenye muziki inafuata tagi, haifuati jina la faili. Pahala pamoja ukiandika Ikhwani Safaa na pengine Ikhwan Safaa, itakufanyia vikundi viwili, na kikundi hicho kipo tangu 1905, hakistahiki kugawanywa kwa herufi moja! Kusikiliza kwenye simu tumia apu ya Finamp, inaunga kwenye seva hiyo hiyo na inaweza kuhifadhi nyimbo ukasikiliza kwenye daladala.

Jambo moja nawaomba mlichukulie kwa uzito. Video za wanawake, singo, kupamba, shughuli za ndani, zisiwe wazi kwa kila mwenye simu. Ziwekee folda na maktaba yake peke yake, mfungulie kila mtu wa nyumba akaunti yake, halafu kwenye Dashboard ndani ya Users umchagulie kila mmoja maktaba anazoruhusiwa. Asiyeruhusiwa haoni hata jina. Walikubali kurekodiwa kwa ajili ya macho ya wenzao, tuwalindie.

Kwa wa Mji Mkongwe, zile kuta za mawe na chokaa zinameza waifai, tumia waifai ya masafa ya 2.4 GHz badala ya 5 GHz na kompyuta iunge kwenye ruta kwa waya. Ukipata ruta ya pili ukaiweka juu orofani, vizuri zaidi.

Na ndugu yako aliyeko Wete akitaka kuangalia akiwa huko? Usifungue poti, yaani milango ya ruta, kwa dunia nzima. Weka Tailscale, programu inayounga vifaa vyenu peke yao kupitia intaneti, kwenye kompyuta na kwenye simu yake, kwa matumizi binafsi ni bure, kompyuta itapata namba inayoanza na 100, aitumie hiyo na 8096 yake mwishoni. Hapa sasa bando linaliwa, lako na lake, kwa hiyo kwenye apu ashushe quality iwe kama 1 Mbps, saa moja itakula kama MB 450, na kwa skrini ya simu sura za watu anaziona vizuri tu.