Mita 40 kwa sekunde 6: mazoezi ya kasi kwa mwamuzi anayejiandaa na mtihani wa utimamu wa mwili

Mwamuzi anayekimbia kilomita 10 kila alfajiri anaweza kufeli mtihani wa FIFA kabla jasho halijamtoka vizuri. Mtihani unaanza na mbio fupi, na pumzi za kilomita 10 hazimsaidii mtu pale.

Sehemu ya kwanza ni mita 40 mara 6, mapumziko yasiyozidi sekunde 60 kati ya mbio na mbio. Mwamuzi wa kati wa kimataifa, mwanamume, anatakiwa kumaliza kila moja ndani ya sekunde 6.0, mwanamke, 6.4. Ukikosa moja kati ya sita unapewa ya saba mara tu baada ya ya sita. Ukikosa mbili, umefeli. Baada ya hapo kuna dakika 6 hadi 8 za kupumua, kisha sehemu ya pili: kimbia mita 75, tembea mita 25, mara 40, yaani mizunguko 10 ya uwanja wa mita 400. Wanaume wanapewa sekunde 15 za kukimbia na 18 za kutembea, wanawake 17 na 20. Madaraja ya chini ya ligi za ndani huwa na muda uliolegezwa kidogo, kwa hiyo pata viwango vya daraja lako kwa chama chako kabla ya kupanga lolote.

Angalia hesabu inavyokaa. Kila mbio inahukumiwa peke yake. Kumaliza ya kwanza kwa 5.5 hakukuwekei akiba kwa ya sita. Kama uwezo wako wa juu kabisa ni 5.9, ya kwanza utapita, ya pili utapita, ya nne miguu inakuwa mizito na saa inasoma 6.1. Aliyefikisha 5.5 akiwa hajachoka anakimbia zote sita kwa 5.7 au 5.8 bila kujikamua. Kwa hiyo lengo la mazoezi si kuizoea 6.0, ni kuiacha nyuma. Faida hiyo inakufuata hadi sehemu ya pili: mita 75 kwa sekunde 15 ni mwendo wa kilomita 18 kwa saa, na kadiri kasi yako ya juu inavyopanda, mwendo huo unakuwa mwepesi kwako.

Anza na vipimo. Tumia futi kamba, usipime kwa hatua. Mita moja ikizidi au kupungua hukupa kiburi cha bure au hofu ya bure. Weka koni sifuri, 10, 20, 30 na 40. Chora mstari mwingine mita 1.5 nyuma ya koni ya sifuri, maana kwenye mtihani unaanzia hapo na muda unahesabiwa unapovuka geti la kwanza, yaani kifaa cha elektroniki cha kupima muda kinachowekwa kwenye sifuri. Anayepima asimame usawa wa mstari wa mwisho na abonyeze kifua kinapovuka, si mguu. Saa ya mkononi humpendelea mkimbiaji: kidole huchelewa mwanzoni na huwahi mwishoni, na tofauti inaweza kuwa sekunde 0.1 hadi 0.3. Mageti ya elektroniki hayana huruma hiyo. Ukijipima kwa mkono, hesabu 5.7 kuwa ndiyo 6.0 yako.

Jipe wiki 8. Siku za kasi ni mbili kwa wiki, zikiachana kwa saa 48 au zaidi, tuseme Jumanne na Jumamosi. Alhamisi ni ya 75 na 25. Ukiwa na mechi Jumapili, ya Jumamosi iache.

Wiki ya 1 na ya 2 tafuta mwinuko wa wastani, usiwe mkali. Panda mita 30 kwa nguvu zote mara 8, shuka ukitembea, pumzika hadi dakika 2 zitimie. Mwinuko unakulazimisha kuinama mbele na kusukuma ardhi, na kwa kuwa kasi ni ndogo, misuli ya nyuma ya paja haivutwi kupita kiasi kabla haijawa tayari.

Wiki ya 3 hadi ya 5 hamia tambarare: mita 10 mara 4, mita 20 mara 4, mita 30 mara 3. Mapumziko ni dakika moja kwa kila mita 10 ulizokimbia, hivyo baada ya mita 30 unapumzika dakika 3 kamili. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Wanaona dakika 3 ni uvivu, wanakata hadi sekunde 40, wanatoka jasho, wanaridhika. Walichofanya ni mazoezi ya pumzi. Kasi hujengwa mwili ukiwa umepona kati ya mbio na mbio. Ukikimbia umechoka unaufundisha mwili kukimbia polepole. Mita 20 zikianza kuzidi muda wako bora kwa sekunde 0.2, funga kazi, hata kama bado zimebaki.

Kuanzia wiki ya 6, siku moja ibaki hivyohivyo, ila zile 30 ziwe 40, na kila 40 ifuatwe na dakika 4 za kupumzika. Siku nyingine fanya mita 40 mara 6 kama mtihani: wiki ya 6 pumzika sekunde 90, wiki ya 7 sekunde 60. Tofauti kati ya mbio bora na mbovu isizidi 0.2.

Mita 10 za mwanzo ndizo zinazoamua. Simama mguu mmoja mbele, magoti yamekunjwa, uzito juu ya mguu wa mbele, mkono wa upande wa pili mbele. Hatua ya kwanza isiende juu wala isiwe ndefu. Mguu ukitua mbali mbele ya mwili unafunga breki. Sukuma nyuma, macho yaangalie ardhi mita chache mbele, na kichwa kiinuke taratibu hadi karibu mita 15. Waamuzi wengi huinuka wima kwenye hatua ya pili kwa sababu uwanjani wamezoea kuutazama mpira. Kosa jingine liko mwishoni: kulegeza mita 3 kabla ya geti. Weka koni ya ziada kwenye mita 45 na ukimbilie hiyo. Kurudi ulikoanzia, tembea. Sekunde 60 zinatosha kwa mita 40.

Kwa 75 na 25, rekodi filimbi kwenye simu ili usibebe saa. Uwanja wa riadha usipokuwepo, mstari wa pembeni wa uwanja wa mpira unatosha: kimbia 75, tembea mita 12.5 kupita koni na kurudi, kimbia ulikotoka. Wiki ya 1 fanya mara 20 na kutembea kwa sekunde 22, kila wiki ongeza 4 hadi ufike 36. Wiki ya 6 punguza kutembea kuwa sekunde 20. Wiki ya 7 fanya yote 40 kwa sekunde 18, mara moja tu. Usifike kwa sekunde 12 halafu ukasimama unahema. Kila kuondoka kwa kishindo na kila breki ya ghafla inakula miguu. Weka koni mita 37.5 na uipite kwenye sekunde ya 7 na kidogo, ufike kati ya 14 na 14.5. Ukichelewa kuingia eneo la kutembea mara ya kwanza unaonywa, mara ya pili unatolewa.

Mara mbili kwa wiki, baada ya mazoezi ya kasi, imarisha misuli ya nyuma ya paja: piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, shuka mbele taratibu mwili ukiwa umenyooka, jikinge kwa mikono. Anza na seti 2 za mara 3, fika seti 3 za mara 5. Siku mbili za mwanzo utatembea kama mzee, ni kawaida. Maumivu ya ghafla nyuma ya paja katikati ya mbio si kawaida: acha kukimbia siku hiyohiyo.

Wiki ya 8 punguza kazi iwe nusu, na zoezi la magoti liache kabisa. Mbio za mwisho za kasi ziwe siku 3 kabla ya mtihani: mita 30 mara 3, basi. Siku yenyewe kula muda wa saa tatu kabla ya kuanza, chakula ulichokizoea, na viatu viwe vilevile vya mazoezini. Pasha mwili dakika 20, ukimalizia na mbio 3 za mita 30 zinazopanda kutoka asilimia 70 hadi 95. Foleni ikiwa ndefu, usikae chini. Endelea kutembea na kurukaruka hadi zamu yako ifike.