Somo: Kulima spirulina Bukavu, mbali na bahari

Wapendwa, wengi mmeniuliza tutapataje vile virutubisho vinavyoandikwa "vya baharini" kwenye makopo, sisi tunaokaa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani. Mimi nalima spirulina. Si jani wala samaki: ni bakteria ya kijani-buluu inayojilisha kwa jua kama mwani, na karibu asilimia 60 ya unga wake ni protini. Wanawake Wakanembu kandokando ya ziwa Chad huichota kwenye madimbwi ya magadi na kuikausha kuwa mikate iitwayo dihé. Wewe utaikuza ndani ya beseni, bila kutupa wavu popote.

Hatua ya 1: beseni. Fremu ya mbao, ndani shitingi nzito isiyotoboka, maji yenye kina cha sentimita 15 hadi 20. Juu tandaza plastiki inayopitisha mwanga. Hili msilipuuze. Spirulina inapenda joto la digrii 35, na chini ya 20 inakaribia kulala kabisa; asubuhi za baridi za hapa Bukavu mnazijua. Mwezi wa saba beseni langu la kwanza, lisilofunikwa, lilikaa wiki tatu bila kuongezeka hata kidogo.

Hatua ya 2: maji. Kinga maji ya mvua, yachuje. Kwa kila lita weka gramu 8 za bikarbonati ya sodiamu, gramu 5 za chumvi, gramu 2 za nitrati ya potasiamu, pamoja na fosfati, magnesiamu na chuma kidogo sana. Vyote hivi nunua vilivyo safi, si mbolea ya shambani, kwa sababu mbolea inaweza kubeba metali nzito, na spirulina hunywa kila kilichomo. Maji haya ni makali kama ya magadi, na ukali huo ndio uzio wake: wadudu wengi hawawezi kuishi humo.

Hatua ya 3: mbegu, yaani spirulina hai ndani ya maji yake. Chukua kwa mkulima unayemjua. Tafadhali, msichote ule ukijani unaoelea kando ya ziwa mkadhani ni ileile. Ndugu zake wengine wana sumu inayoharibu ini. Mimina mbegu kidogo kidogo, funika na kivuli siku za kwanza, na koroga kwa fagio safi mara nne au zaidi kwa siku.

Hatua ya 4: kuvuna. Funga kifuniko cheupe kwenye ncha ya fimbo, kizamishe. Kikipotea machoni kwenye sentimita 3, vuna alfajiri. Mimina kwenye kitambaa chenye matundu madogo sana: maji yanapita, yanarudi beseni, na juu kunabaki uji mzito wa kijani kibichi kama sombe, majani ya muhogo, iliyopondwa vizuri. Ukamue, upitishe kwenye bomba la sindano kubwa ili utoke kama tambi, uanike juu ya wavu chini ya kivuli chenye upepo wa moto, usizidi digrii 60. Tambi iliyokauka ukiivunja inalia "ka!". Mimi niliwahi kukaushia juu ya mbabula ya makaa kwa haraka; moshi ukaingia, rangi ikawa kahawia, nikatupa mavuno yote.

MASWALI

*Mwalimu, niko Bagira. Nina mtoto wa jirani mwenye bwaki, ule utapiamlo wa kuvimba. Nimpe?*
Mama, mtoto aliyevimba miguu apelekwe kituo cha afya leo hii, kuna maziwa maalum ya kumtibu. Spirulina ni nyongeza ya chakula tu. Gramu 10 zina protini kama gramu 6 hivi, na chuma. Lakini msiitegemee kwa vitamini B12: nyingi iliyomo mwili hauitumii.

*Naweza kutumia maji ya ziwa Kivu, kwa kuwa yana magadi yake?*
Yana bikarbonati, kweli, lakini yana magnesiamu nyingi pia. Beseni likizidi ukali, unga mweupe unatuama chini na kuchukua fosfati. Mvua ni bora, na hapa kwetu miezi mingi haikosi.

*Natengeneza sabuni. Ule ubuluu naupataje?*
Dada, loweka unga kwenye maji baridi safi usiku mmoja, usikoroge sana. Asubuhi maji ya juu yana buluu nzuri inayometa nyekundu ukiyatazama juani. Moto unaipausha, na soda kali ya sabuni inaiua papo hapo. Itumie kwenye krimu baridi au barafu za watoto.

*Na omega-3 ya ubongo, ile ya mafuta ya samaki, imo?*
Hapana, ndugu. Samaki wenyewe huipata kutoka kwa mwani wanaokula, hata kupitia wadudu wadogo. Viwanda vingine sasa hukuza viumbe jamii ya mwani ndani ya mitungi iliyofungwa, gizani, kwa kuvilisha sukari, na kukamua mafuta hayo bila samaki hata mmoja. Kazi hiyo inataka mitungi ya chuma na umeme usiokatika. Kwa sasa, mpeni mtoto sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu.