Unatafuta chumba Morogoro? Piga hesabu hizi kabla hujampigia dalali

Watu wanakuja Moro na bei za Dar kichwani, wakisikia chumba masta elfu 80 wanaona kama bure, kumbe mwenye nyumba hapokei elfu 80, anataka miezi sita kwa mkupuo, hiyo ni 480,000, dalali naye mwezi wake mmoja, tayari 560,000 na hujanunua hata pazia, na ile hela ya kuzungushwa kuona vyumba haimo humo. Miezi mitatu inaombeka lakini, hasa chumba kikiwa kimekaa tupu muda.

Kama sio mwanafunzi, usitafute Oktoba na Novemba, chuo kikuu cha SUA wakifungua, Mazimbu kunakuwa hakushikiki. Na Kihonda, tangu SGR ianze kubeba abiria 2024 kila chumba kiko "karibu na stesheni", hata kile cha kupanda boda.

Maji usiulize kama yapo, utaambiwa yapo. Fungua bomba mwenyewe, halafu uliza wapangaji (sio dalali) yanatoka siku zipi na kama kuna simtanki. Ukikuta madumu ya njano yamejipanga kila mlango jibu unalo. Milima ya Uluguru unaiona popote ulipo mjini ila bomba lako ni habari nyingine kabisa.

Sasa LUKU, hapa ndo watu wanaumia. Mita ni ya kwako au mnashea? Kama mnashea, submita ipo? maana wewe una taa mbili na chaja, jirani ana friji, pasi na jiko la umeme, halafu mchango mnatoa sawa, mwezi wa kwanza tu mshanuniana. Tena tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU, nyumba ya kawaida siku hizi 1,500 kwa mwezi, na hiyo ni ya mwenye nyumba, sio yako, kwahiyo mkubaliane mapema atakurudishiaje. Mita ikikaa miezi bila kununuliwa umeme makato yanalimbikizana, unaweka elfu 5 unaletewa yuniti za kuhesabu kwa vidole. Muombe anunue umeme mbele yako kabla hujatoa hela, usione aibu.

Kodi usimpe dalali mkononi hata akiwa mcheshi vipi. Tuma kwa simu au benki, jina linalotokea liwe lile lililo kwenye mkataba, na mkataba mkaugongee muhuri serikali ya mtaa, pale pale utajua kama huyo kweli ndo mwenye nyumba au ni mtoto wa marehemu anayegombania na ndugu zake.

Kitasa kibovu, choo kinavuja, atakwambia "we tengeneza tu tutakata kwenye kodi". Sawa, ila aandike, na kiasi kiwepo.