Bata mzinga asiyelia: kumvizia kwa upinde ukiwa Minnesota

Wakuu mlioko Minnesota, kila ikifika Mei naulizwa swali hilohilo, nimeingia porini alfajiri mara tatu sijasikia hata bata mzinga mmoja, wameisha ama? Hawajaisha. Msimu wa kuwinda unaanza katikati ya Aprili mpaka Mei 31 na hizo wiki za mwisho dume ashapigiwa vipenga vya kuiga sauti ya jike na kila mwindaji, kwa hivyo bado anakuja ila anakuja kimyakimya.

Makaratasi kwanza. Ukiwa na viza ya muda, ya shule ama ya kazi, mambo ya bunduki yana masharti makali kwa sheria ya Marekani, lakini upinde hauhesabiwi kuwa bunduki, ndio maana mimi huwaambia watu wetu waanzie hapo. Laiseni unanunua kwa DNR, idara ya maliasili ya jimbo, soma masharti yao ya mwaka huo. Mahindi ya kumvutia usimwage, ni kosa. Shamba la mtu piga hodi mchana, jitambulishe, acha namba ya simu na useme gari utaliegesha wapi, usije ukaonekana gizani na nguo za madoadoa watu hawakujui, tafadhali sana. Nasisitiza kwa sababu wengi wetu hatujawahi kuwinda, kwetu Kenya ilipigwa marufuku tangu 1977.

Sasa hema la kuvizia. Huyu ndege macho yake ni hatari, anaona rangi na anaona karibu pande zote. Ndani ya hema ni kweusi kwa hivyo vaa nyeusi, funga madirisha yote ya nyuma, ukiacha moja wazi mwanga unakuchora kama kivuli ukutani. Fagia majani makavu chini ya miguu. Nyekundu, nyeupe na bluu usivae kabisa, ndizo rangi za kichwa cha dume.

Sanamu ya dume kijana iweke hatua saba nane mbele yako ikitazama hema, maana dume mkubwa huizunguka aikabili uso kwa uso na hapo amekupa mgongo. Akijitutumua akatandaza mkia hakuoni, vuta upote. Lenga shina la bawa akiwa amekaa ubavu, pa kumuua hapazidi chungwa. Ndugu Waislamu, Bismillahi unapoachia mshale, na ukimkuta bado yu hai mchinje.

Kitu kimoja kiliniuma sana mwaka wangu wa kwanza. Mshale hukaa chini ya saiti, kile kifaa cha kulengea kwenye upinde, kwa inchi kadhaa, mimi nikaona bata wangu vizuri kabisa dirishani, nikaachia, chembe ya mshale ikachana kitambaa cha dirisha na mshale ukaenda kulala nyasini, bata huyo, mbio. Kwa hivyo jizoeze kupiga shabaha ukiwa ndani ya hema lenyewe, umekaa kiti kilekile.

Na masikio yasingoje mlio. Sikiliza majani yakikwaruzwa taratibu, utadhani mtu anatembea, halafu mvumo mzito wa dume unaousikia kifuani kabla ya masikioni. Kipenga piga kidogo tu, polepole. Wengi hufungasha saa tatu asubuhi wakati kuanzia saa nne hivi majike wanaenda kwenye viota na dume anabaki peke yake anatafuta mwenzake, kwa hivyo beba chai na mahamri ya kutosha ukae mpaka saa nane mchana.